Kondoo wa Binti wa Yeftha

Kokushubira wa Ndama alikuwa mtu wa kinyaa. Hakunywa rubisi, pombe ya ndizi, kama hakumwona aliyezikanyaga, maana miguu ya watu, alisema, ina mambo yake. Kikapu kilichopitiwa na panya alikichoma moto pamoja na maharage yaliyokuwamo. Majirani walimcheka, na watoto waliigiza jinsi alivyokunja pua. Lakini penye msiba au harusi yeye ndiye aliyeitwa kusimamia vyungu, kwa sababu chakula kilichopita mikononi mwa Kokushubira hakikuwahi kumwumiza mtu tumbo.

Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la ubatizo la mwaka 1931. Mumewe, Rwezaura, alianza naye akaishia kwenye kusoma majina. Yeye alivuka. Alisoma Biblia ya Kiswahili polepole, kidole kikifuata mstari, na alisoma kama alivyopika: alichambua mawe kwanza.

Aliyewafundisha ni Ndyamukama, mwinjilisti wa kanisa dogo la Kilutheri pale Ndama. Kila mtu alimwita Mwalimu. Mchungaji aliishi mbali na alifika mara mbili kwa mwaka. Siku nyingine zote neno la Mwalimu ndilo lililokuwa neno la kanisa.

Mwalimu alikuwa na desturi yake moja ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote. Siku hizo wanaume wengi wa Karagwe walikuwa wamechanjiana. Watu wawili waliopendana walichanjwa kidogo karibu na kitovu. Punje mbili za kahawa, zilizolala pamoja ndani ya tunda moja, zikapakwa damu, na kila mmoja akameza ile yenye damu ya mwenzake. Tangu hapo walikuwa ndugu kupita waliozaliwa tumbo moja. Ndugu wa namna hiyo hanyimwi chakula wala maficho. Watoto wao hawaoani. Atakayemsaliti mwenzake, ile buni itachipua tumboni mwake mpaka avimbe na kufa. Kanisa lilikataza jambo hilo, na kwingine ilitosha mtu akilikana kwa mdomo. Kwa Mwalimu Ndyamukama haikutosha. Aliwanywesha wanafunzi wake maji ya mubilizi, jani lililo chungu kuliko kwinini, akawasimamisha nyuma ya kanisa mbele ya mashahidi, wakatapika.

"Kimetoka?" aliuliza.

"Kimetoka, Mwalimu."

"Kiapo cha kipumbavu hakimfungi mtu mbele za Mungu."

Rwezaura alitapika mwezi wa tisa mwaka huo, mkewe akiwa amemshikia kitambaa. Ndugu yake wa damu alikuwa Kashaija, mfugaji wa Igurwa, mtu ambaye hakubatizwa hadi anakufa. Alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini.

"Buni tuliyoimeza mwaka ishirini na saba, aitapike mwaka thelathini na moja? Hilo ni tumbo au ghala?"

Lakini waliokuwapo walisema kwamba uso wake haukuwa wa mtu aliyefurahi. Kwa miaka kumi na mitano hakukanyaga Ndama.

Wakati wa masika ya mwaka 1946 Rwezaura alishikwa na kichomi. Siku ya sita alitema damu. Mwalimu alikuja asubuhi na jioni kuomba kando ya kitanda, na siku ya nane mgonjwa alimshika mkono, akasema mbele ya wazee wawili wa kanisa, "Mungu akiniinua hapa, binti yangu Kokuhirwa ni wake."

Kokuhirwa alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano. Wakati maneno hayo yakisemwa alikuwa nje, anakoroga uji wa baba yake.

Rwezaura akainuka.

Mwezi mmoja baadaye Mwalimu alikuja na kanzu iliyofuliwa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na mitatu, mjane tangu mwaka uliotangulia. Alitandikiwa nyasi mpya, akaletewa kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, akatafuna kwanza bila haraka.

"Ndugu yangu Rwezaura, Mungu amefanya sehemu yake."

"Amefanya, Mwalimu. Nami nimekuwa nikiwaza juu ya sehemu yangu. Msichana atafagia kanisa. Atachota maji ya ubatizo."

"Kufagia ni kazi ya mtumishi. Wewe hukuahidi mtumishi, uliahidi binti. Aliyetolewa kwa Mungu hukaa katika nyumba ya Mungu. Na nyumba ya Mungu hapa Ndama inatunzwa na nani?"

Rwezaura alitazama nyasi. "Na wewe, Mwalimu."

"Na mtunzaji huyo, tangu mwaka jana, anapikiwa na nani?"

Akaendelea kutafuna. Akasema pia kwamba haja ya mahari haitakuwapo, kwa kuwa kilichotolewa kwa Mungu hakiuzwi.

Kokushubira alikuwa nyuma ya kizuizi cha matete. Alisikia hadi mwisho. Maneno aliyasahau mengine, lakini sauti ya yale meno yakivunja buni ilimkaa sikioni kama nzi.

Jumapili iliyofuata Mwalimu alihubiri habari za Yeftha. Yeftha, alisema, alikuwa shujaa wa Israeli. Akienda vitani alimwahidi Mungu kwamba akishinda, yeyote atakayetoka kwanza nyumbani kwake kumpokea atatolewa sadaka. Alishinda. Aliyetoka kwanza, akicheza na matari, ni binti yake wa pekee. Yeftha alirarua nguo zake, lakini alisema kwamba amekwisha kufungua kinywa mbele za Bwana na hawezi kurudi nyuma. Na binti mwenyewe, Mwalimu alisema akiwatazama wasichana waliokaa upande wa kushoto, hakubisha. Hapo akafunga kitabu. Watu waligeuka kumtazama Rwezaura, naye akatikisa kichwa kukubali, jasho likimtoka.

Kokushubira alirudi nyumbani, akafungua palepale Mwalimu alipofungia, akaendelea. Mistari iliyobaki ilikuwa michache. Msichana aliomba miezi miwili akalie milimani pamoja na wenzake. Akapewa. Akarudi, na baba yake akamtendea kama alivyokuwa ameahidi. Na ahadi, Kokushubira alikuta alipopanda juu ya ukurasa kuihakikisha, ilikuwa sadaka ya kuteketezwa.

Alitoka nje, akanawa mikono kwa majivu mpaka kwenye viwiko.

"Mama, umeshika nini?" Kokuhirwa alimwuliza.

"Nimeshika kitabu."

Kwa siku tano jembe lake halikuonekana kibanjani. Alisoma. Alikuta sheria ya Mungu inayokataza watu kuwapitisha watoto wao motoni. Alikuta, karibu na mwisho wa kitabu, barua inayowataja mashujaa wa imani, na katika orodha hiyo Yeftha yumo, kwa jina lake, bila doa. Jina la binti hakulikuta mahali popote. Alirudi kwa Ibrahimu na Isaka, habari aliyoipenda siku zote kwa ajili ya yule kondoo aliyenaswa pembe kichakani, na safari hii hakuipenda.

"Mama," Kokuhirwa alisema siku ya tano, akimenya ndizi, "yule wa kwenye mahubiri, kwa nini hakukimbia? Alikuwa kule milimani miezi miwili."

"Hakuwa na pa kwenda."

"Wote wale aliokuwa analia nao, hakuna hata mmoja aliyekuwa na shangazi?"

Kokushubira alitoka kwenda kuchuma majani ya mubilizi.

Siku ya Jumamosi wazee watatu walikaa kanisani pamoja na Mwalimu kupanga siku ya ndoa. Rwezaura alikuwa benchini, kofia magotini. Kokushubira alipiga magoti, kama ilivyompasa mwanamke mbele ya wazee, akaweka chini chungu kilichofunikwa kwa jani la mgomba.

"Umetuletea nini, mama Kokuhirwa?" aliuliza mzee mkubwa wao.

"Swali, waitu, wazee wangu. Na dawa."

"Anza na swali."

"Ibrahimu alipomlaza Isaka juu ya kuni, kondoo alitoka wapi?"

"Mungu alimleta," alisema Mwalimu. "Hilo hata watoto wanalijua."

"Na wa binti wa Yeftha yuko wapi?"

Wazee walimgeukia Mwalimu. Kokushubira akaendelea.

"Ibrahimu alitumwa na Mungu, na Mungu akamzuia. Yeftha hakutumwa na mtu, alijisemea mwenyewe, na hakuna aliyemzuia. Nimesoma sura ya mbele na ya nyuma. Kondoo hayumo."

"Mungu ana siri zake, mama."

"Siri nazikubali, Mwalimu. Ila siri hii nimeona inamwangukia msichana."

"Huyu mwanamke amesoma mno," alinung'unika mzee wa pili.

"Si ndiye Mwalimu aliyemfundisha?" alisema wa tatu, akatazama dari.

Mwalimu alisogeza kitabu chake. "Hapa hakuna anayechinjwa. Hapa kuna ndoa. Ni heshima."

"Basi Yeftha amekujaje? Jumapili ulimleta wewe."

"Nilimleta kwa ajili ya neno moja. Mtu akifungua kinywa mbele za Mungu, harudi nyuma."

"Ahaa," alisema Kokushubira, akafunua chungu.

Harufu ya mubilizi ilijaa kanisani, na kila aliyebatizwa Ndama aliijua.

"Mwaka thelathini na moja, nyuma ya ukuta huu, ulimpa mume wangu maji haya akatapika kiapo. Ukasema kiapo cha kipumbavu hakimfungi mtu mbele za Mungu. Kitambaa nilikishika mimi. Leo mpe tena, Mwalimu, atapike na hiki."

Mzee mkubwa alicheka kwa sauti, kisha akajifanya anakohoa. Rwezaura alikitazama chungu. Akanyoosha mkono kukielekea. Wazee wote watatu waliuona ule mkono, na baadaye wawili kati yao walikiri hivyo. Mwalimu alikisukuma kwa mguu. Kikapinduka, na maji ya kijani yakaingia ardhini mbele ya meza ya Bwana.

"Kile kilikuwa kiapo cha Shetani!" alisema, akiwa amesimama. "Nadhiri ya Mungu haitapikwi!"

"Kwa hiyo aliyeapa kwa Shetani anaachiliwa, na aliyeapa kwa Mungu analipa kwa mtoto wake."

Kwa neno hilo Kokushubira alifungiwa meza ya Bwana mpaka atakapotubu. Ndoa ilipangwa kufanyika baada ya Jumapili mbili.

Alichofanya baada ya hapo hakikumpendeza. Kuchanjiana kulimtia kinyaa tangu utoto wake: kisu kimoja kwa watu wawili, damu, vitovu vya wanaume. Kinyaa hicho hakikumtoka hata baadaye. Lakini Jumatatu, jua likiwa juu, alimtwisha Kokuhirwa mkungu wa ndizi kama wanaokwenda kuuza, wakatembea hadi Igurwa.

Kashaija alikuwa zizini. Alikuwa amezeeka, na alimtambua mgeni wake kabla hajasalimiwa.

"Karibu, mke wa mtapikaji. Mume wako amebakiza utumbo, au nao alimwachia Mwalimu?"

"Shikamoo, shemeji."

"Bado mimi ni shemeji?"

"Nimekuja kwa ajili ya ile buni."

"Ipi? Yake aliiacha nyuma ya kanisa."

"Yake ndiyo. Ninaulizia yako."

Kashaija aliacha kumkuna ng'ombe. Mkono wake ulikwenda wenyewe karibu na kitovu. Kokushubira akamweleza yote: ugonjwa, nadhiri, mahubiri, siku ya ndoa. Hakupunguza wala hakulia. Alipofika kwenye neno la mahari kutokuwa na haja, Kashaija alitema mate, akayafukia kwa unyayo.

"Mimi sikutapika," alisema hatimaye. Akageuka kuelekea nyumba. "Mtandikieni binti yangu nyasi! Na ninyi," aliwaambia wanawe wawili waliokuwa wamesimama wakimkodolea macho msichana, "mtazameni vizuri leo. Huyo ni dada yenu. Kesho sitaki kuona macho hayo."

Siku ya tatu Rwezaura alikuja, ametumwa na kanisa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika pale tangu atapike. Kashaija alimkaribisha ndani, akamsogezea kikapu cha kahawa. Kukataa kahawa ya mwenye nyumba ni kutangaza uadui. Rwezaura alichukua punje moja, akaishika muda mrefu kati ya vidole.

"Tafuna," alisema Kashaija. "Hiyo haina damu."

Akatafuna.

"Nimekuja kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto yupo kwao. Upande wangu kile kiapo ni kizima. Nikimtoa mtoto wako akaumie, tumbo litakalovimba ni langu. Unataka nife?"

"Na mimi je? Nikivunja nadhiri, kichomi kitarudi."

"Huenda kikarudi. Kikirudi utakufa ukiwa baba. Wewe umeapa mara mbili, ndugu yangu. Cha kwanza kilikuwa cha kunipenda, ukakitapika. Cha pili ni cha kumuuza, nacho ndicho unachokishikilia?"

Rwezaura alikaa mpaka jua likapinda. Binti yake alimletea maziwa, akayanywa. Alirudi Ndama peke yake. Kwa mwaka mzima alilala amevaa shati lake la Jumapili, akingojea kufa. Aliishi miaka mingine kumi na mitatu.

Mchungaji alipofika mwezi wa kumi na mbili alisikia habari upande wa Mwalimu, kisha akamwita Kokushubira. Alikuwa mtu mpole. Alisema mambo ya desturi za watu ni magumu, na kwamba msichana hatadaiwa tena. Lakini maneno aliyoyasema mwanamke mbele ya meza ya Bwana yalikuwa mabaya. Neno dogo tu la toba lingetosha.

"Nikionyeshwa yule kondoo," alisema Kokushubira, "nitarudi mezani siku hiyohiyo."

Mchungaji aliandika kitu katika daftari lake.

Tangu hapo Kokushubira alikwenda kanisani kila Jumapili, akakaa nyuma, akaimba, na wakati wa chakula cha Bwana akatoka na kusimama uani. Kokuhirwa alikaa Igurwa miaka minne, akaolewa na mkulima kijana aliyemchagua mwenyewe. Kashaija alisimama kama baba, na Rwezaura akakaa kando yake.

Mwalimu naye hakukaa bila mpishi. Mwanzoni mwa mwaka 1947 alileta mke kutoka upande wa Nkwenda, msichana wa miaka kumi na sita. Baba wa msichana huyo hakuwa ameweka nadhiri yoyote. Alikuwa maskini tu, na posa ilitoka kwa mtu wa kanisa.

Kwa miezi mingi Kokushubira hakumwona ila kwa mbali, kichwa kimefunikwa, nyuma ya mumewe. Kisha siku moja ya kiangazi walikutana chemchemini. Msichana alikuwa na mimba, amekaribia kuzaa. Alikuwa akijaza mtungi kwa kibuyu na mkono wake mmoja ulikuwa umevimba kwenye kiwiko. Alipoona unatazamwa aliuteremshia nguo.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Mke wa Mwalimu."

"Hiyo ni kazi. Nimekuuliza jina."

Msichana alitazama nyuma yake kwanza, kwenye njia.

"Kokugonza."

Kokushubira alimsaidia kujitwika mtungi. Alisimama akimwangalia akipanda kilima taratibu, mkono mzima ukishika mtungi na ule mwingine ukining'inia. Mwaka mzima alikuwa amewadai wanaume wa kanisa kondoo, kana kwamba kondoo huota kichakani. Hakuwa amefikiri kwamba kondoo anayechukuliwa mahali pa mtoto wa mtu naye ana mama.

Nyumbani alichukua penseli iliyobaki ya Kokuhirwa, akafungua kitabu cha Waamuzi, sura ya kumi na moja. Pembeni, palipokuwa na nafasi, aliandika jina la Kokugonza kwa herufi za darasa la ubatizo, kubwa na zilizoachana. Mezani hakurudi hadi alipokufa, mwaka 1958, na hakuna tena aliyemsikia akimtaja kondoo.

Siku ile alifunga kitabu, akatoka nje kunawa. Majivu yalikuwa yamekwisha. Alisimama uani, mikono ameitanua mbali na nguo, akimwita Rwezaura alete mengine.